Gari Lililokuwa Likijiongezea Oili

Tangu Jumamosi ile, kila ninayekutana naye hapa Mutuini ananiuliza swali moja: ilikuwaje nikatoka nyumbani asubuhi na mdogo wangu Njeri na masufuria ya chakula, chakula kikafika Spring Valley kwa gari jingine, nami nikarudi jioni nikinuka petroli hadi kwenye nywele? Nimelijibu swali hilo kwa vipande, kipande dukani, kipande kanisani, na sasa nasikia vipande vyangu vikinirudia vimeota mikia. Kuna aliyeambiwa gari lilishika moto. Halikushika moto. Nitawaeleza yote mara moja, kisha mniache nipumzike.

Kwa wasiotujua vizuri, sisi ni watatu. Mimi Wanjiku, Shiku kwa wa nyumbani, ndiye mkubwa. Mwangi ananifuata, naye huweka vigae kwenye nyumba za kukodisha zinazojengwa Kinoo. Njeri ni kitinda mimba. Wazazi walituacha mapema, nikaacha shule ili hawa wawili wasiiache. Tulibaki na shamba dogo, nyumba, na stesheni wagoni nyeupe ambayo baba alikuwa akiiosha kila Jumapili hata kukiwa na mvua. Gari hilo ndilo linalotulisha. Hubeba mboga na mayai ya watu wa huku kwetu na kuyapeleka mjini. Siku injini yake itakapokufa, hatuna uwezo wa kuweka nyingine. Kwa hiyo mnaponiona nikiinama kuisikiliza kama daktari, msinicheke.

Mutuini hadi Waithaka

Njeri amesomea upishi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya kupika nje. Mama mmoja wa Spring Valley alikuwa na ibada ya shukrani nyumbani kwake, na wageni walitakiwa kula baada ya maombi ya mchana. Kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, kuku, njahi, yale maharage meusi ya kwetu, na kabeji iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Njeri hakuwa amelala. Aliyafunga masufuria kwa mablanketi, moja likiwa langu, na hakuniomba ruhusa.

Kabla ya kuwasha gari huwa napima oili. Baba alifanya hivyo, nami hufanya hivyo. Nilichomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nikatabasamu na kukasirika kwa wakati mmoja, kwa sababu nilijua ni Mwangi.

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu nyumba yetu. Kwetu, mtu hatangazi alichomtendea mwenzake. Ilianza tukiwa wadogo, wakati chakula kilikuwa haba. Ukimshukuru mwenzako kwa sauti kwa kukuachia kipande chake, unakuwa umemwonyesha kwamba umemwona akilala njaa. Kwa hiyo tulijifunza kunyamaza. Unakuta unga kwenye mkebe, viatu vyako vimeshonwa soli, kuni zimepasuliwa, na huulizi ni nani. Unangoja siku chache, nawe unafanya lako. Tumekuwa watu wazima na bado tunaishi hivyo.

Sasa, gari la umri ule huwa linakula oili. La kwetu lilikuwa likiila kidogo kila wiki, nami nilikuwa nikiongeza. Kisha miezi michache iliyopita likaacha. Nikipima, iko pale pale. Baadaye nikipima, imepanda. Nilijua Mwangi anaongeza asubuhi kabla ya kwenda kazini, na sikusema neno. Nilimnunulia buti za kazi, nikaziweka chini ya kitanda chake, naye pia hakusema neno.

Lakini asubuhi ile alikuwa amezidisha, na nikawa nawaza nitamwambiaje bila kumwambia. Tuliondoka nikiwa na wazo hilo. Tulipofika kwenye lami Njeri akaanza kunusa.

“Shiku, chakula yangu itanuka petroli.”

Nikamwambia ni lori lililo mbele. Tukakata kona, mbele hakuna lori, na harufu ipo. Nikafungua dirisha na kumwambia afungue lake. Akaogopa baridi itaingia kwenye mukimo, akalifunga. Mimi nikaliacha langu wazi. Tukaenda hivyo, upande mmoja wa gari baridi na upande mwingine joto, kila mtu na hofu yake.

Pale Waithaka tulisimama kupisha mkokoteni wa kreti za soda, na taa nyekundu ya oili ikapepesa. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Niliegesha kando. Kabla sijaufunga mlango, mwendesha boda boda mmoja alikuwa ameshafungua boneti na kijiti kiko mkononi mwake. Alikitazama kwa uzito mkubwa, akatangaza kwa wote waliokuwa karibu kwamba maji yameingia kwenye oili, gasketi imeungua, na injini hiyo ni ya kuuza kwa kilo.

Mama aliyekuwa akiuza nduma, yale magimbi, zilizochemshwa hapo kando alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha kwamba wiki iliyopita aliua injini ya shemeji yake kwa maneno hayo hayo, na ilikuwa ni betri. Watu wakacheka, na yule jamaa akacheka pia. Mama akatufungia nduma mbili kwenye gazeti, akashikilia kwamba lazima tuzichukue, akasema mtu asisafiri akiwa na mawazo tu tumboni. Nilimpigia Mwangi, simu ikaita bila kupokelewa. Akiwa anapanga vigae huiacha ndani ya koti. Nikawasha gari, nikasubiri taa izime, nikaenda.

Waithaka hadi mjini

Tulikuwa tupitie mjini kwa vyovyote, kuchukua vile vyombo vya kuweka chakula moto ambavyo Njeri alikuwa amevikodi. Kwa hiyo nilijiambia nitafika kwa Mutua, fundi wetu pale Kirinyaga Road, naye ataniambia ukweli.

Mnaijua Ngong Road siku ya Jumamosi. Tulisonga kidogo, tukasimama sana. Kila tuliposimama taa ilipepesa, na kila nilipokanyaga mafuta ilizima. Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga mafuta nikiwa nimesimama, na dereva aliyekuwa mbele yetu akawa ananitazama kwenye kioo akidhani namharakisha. Mwishowe alishusha dirisha akatoa mkono, akauliza kwa mkono huo kama nataka apae. Nikamwonyesha kwa mkono wangu kwamba si yeye, ni gari. Hakuelewa.

Kisha sauti ya injini ikabadilika. Kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, wa chini, kama mtu anayebisha hodi akiwa na haya. Njeri aliusikia pia. Alikuwa akipapasa kifuniko cha sufuria kubwa, akaacha.

Tukaendelea hivyo hadi mjini. Mimi nilikuwa nasali, lakini si sala nzuri. Nilikuwa nikirudia, usife, usife, na sijui nilikuwa namwambia Mungu au gari.

Kirinyaga Road

Mutua ni Mkamba wa kutoka Machakos. Amelijua gari letu tangu baba akiwa hai, na hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu. Aliinusa harufu ya kuku kabla hajanisalimia.

“Sasa Shiku. Leo umeniletea lunchi?”

Nilimweleza kila kitu kwa haraka. Akasema ni plagi. Alizichomoa zote nne, zilikuwa nyeusi kidogo lakini nzuri. Akasema basi ni choki imekwama, gari linamwaga petroli nyingi kuliko linavyohitaji. Akaitazama choki, ikafunguka na kufunga vizuri kabisa. Alikuwa akiongea muda wote huo, akimtania Njeri kwamba binti anayejua kupika mukimo hafai kukaa bila mchumba. Njeri alikuwa akitazama saa ya simu na hakucheka.

Halafu Mutua akachomoa kijiti cha oili, na akanyamaza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko taa. Alikisogeza puani. Akaisugua oili kati ya vidole viwili na kuvitenganisha, nayo haikuvutika, ilidondoka kama chai. Akanipa kijiti ninuse. Ilikuwa petroli. Harufu haikuwa ya mbali wala ndogo. Ilikuwa kama kufungua mdomo wa tangi.

Alirarua kipande cha gazeti letu la nduma. Akadondosha tone la oili mpya kutoka kwenye kopo, na kando yake tone la oili yetu. Mtu mmoja akakaribia na sigara, Mutua akamfukuza kwa tusi la Kikamba ambalo sikulielewa lakini yeye alilielewa. Tukatazama lile gazeti. Tone jipya lilikaa kama kifungo. La kwetu likaanza kutanuka, na kulizunguka kukatokea duara lenye unyevu, la rangi hafifu, likiendelea kukua.

Nikamuuliza kama si maji, kama alivyosema yule wa boda boda. Akasema maji yangeifanya oili iwe kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi na nyepesi. Petroli inaizimua oili, na oili iliyozimuliwa haiwezi kukinga chuma kisisagane na chuma. Ule mlio wa kugonga niliousikia ndio huo.

“Mara ya mwisho uliongeza oili lini?” akauliza.

“Mimi siongezi. Huongezwa na Mwangi.”

“Mpigie.”

Safari hii alipokea. Niliweka simu kwenye spika. Nilipomuuliza ameongeza oili lini, nyuma yake nikasikia mtu akikata kigae kwa mashine.

“Mimi? Sijaongeza hata siku moja,” Mwangi akasema. “Nilijua ni wewe unaongeza. Si ndio maana nilinyamaza.”

Mutua alitutazama mimi na simu, kisha akafuta mikono polepole.

“Shiku,” akasema, “ng'ombe ndiye hutoa maziwa. Injini haitoi oili. Ikipanda na hakuna mtu ameongeza, uliza ni nini imeingia.”

Miezi yote hiyo, mimi nilikuwa nikimshukuru Mwangi moyoni, na Mwangi akinishukuru mimi, na petroli ikiingia. Yeye pia alikuwa akipima, kumbe. Kila mmoja wetu alikiona kijiti kikipanda na kurudisha boneti chini taratibu, asimwaibishe mwenzake.

Mutua akasema gari lisiwashwe tena, hata kwa kulisogeza. Majirani zake wa pale karakana hawakukubali. Mmoja alisema niende polepole tu hadi Spring Valley, nitafika, kisha nirudi litengenezwe. Mwingine akasema Mutua amwage nusu ya oili na kuongeza nzito. Njeri alinitazama, machozi yakiwa karibu. Chakula kilikuwa kinapoa, na wakati ulikuwa unakwenda.

Nilikataa. Niliwaambia injini hii haiwashwi. Nikamwambia Njeri tutafute gari jingine, na yeye ataenda na chakula peke yake.

“Peke yangu? Na nikifika nitasema nini?”

“Sema wewe ndiye mpishi.”

Tangu mama afariki, Njeri hajawahi kwenda mahali pakubwa bila mimi nyuma yake. Kila mara nilikuwa mlangoni nikishika mkoba. Tulipata jamaa mwenye gari la mizigo jepesi, mpole, aliyekuwa akipeleka viti upande wa Westlands. Tukahamisha masufuria na mablanketi yake, wale wenye ushauri wakisaidia kubeba kwa heshima kama jeneza. Wangepitia vyombo kisha waende. Njeri alipanda mbele, akaweka mikono mapajani, na gari likaondoka. Sijui kama mtu anaweza kuwa na hofu mbili kwa moyo mmoja, lakini mimi nilikuwa nazo.

Kirinyaga Road bado

Mutua alifungua nati ya chini na oili ikamwagika kwenye karai. Ilitoka mbio, kama maji ya bomba. Alikuwa ameweka kitambaa cheupe juu ya karai ili ipite hapo kwanza. Akaniambia waziwazi anachotafuta. Kukiwa na vumbi la chuma linalometameta, beringi zimeshasagika na hatanidanganya. Kusipokuwa na kitu, tumeponea.

Alikibeba kitambaa hadi kwenye jua na kukigeuza huku na huku. Mimi sikusogea. Nilikuwa naangalia uso wake, si kitambaa, na nilikuwa nawaza mambo ya kipuuzi: nani atabeba mayai ya watu Jumanne, na baba angeketi wapi kama angerudi akakuta gari halipo. Mutua alisugua kitambaa kwa kidole gumba. Akakivuta karibu na macho. Kisha akanipa.

Kilikuwa cheusi. Nilikitazama hadi macho yakauma, na hakikumeta mahali popote.

“Leo una bahati,” akasema. “Jumatatu usingekuwa nayo.”

Niliketi kwenye kreti. Ndipo nilipokula nduma yangu, baridi, bila chumvi, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Petroli ilikuwa inaingilia wapi? Aliifungua pampu ya petroli, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Akauchovya mpira wake kwenye chupa ya petroli na kuubonyeza mkono wake mdogo wa chuma. Petroli ikapanda, kama inavyotakiwa, lakini ikatiririka pia upande wa pili, unaoingia ndani ya injini, ambao unapaswa kuwa mkavu. Ndani kuna kiwambo cha mpira, na kilikuwa kimepasuka mstari mwembamba kama unywele.

Kupata pampu nyingine kulichukua muda mrefu kuliko yote niliyoyaeleza. Ya kwanza iliyoletwa ilikuwa ya gari jingine, na muuzaji akashikilia kwamba ni gari langu ndilo lenye kosa. Ya pili ilikuwa na mkono mrefu. Kila dakika nilimpigia Njeri, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilianza kutembea kutoka duka hadi duka, nikirudi, nikitoka tena, hadi Mutua akaniambia niketi, namfanya asahau nati. Ya tatu ndiyo iliyokubali. Akaifunga, akaweka chujio jipya na oili mpya, akaniambia niwashe. Taa ikazima na kubaki imezima. Sikusikia tena mtu akibisha hodi.

Mjini hadi Spring Valley

Nilipita Westlands nikiwa na madirisha wazi na shingo imekaza. Barabara za Spring Valley ni tulivu sana, miti pande zote na ua juu ya ua, na ukiwa na wasiwasi utulivu ule unakuongezea. Nilipofika kwenye lango, mlinzi alinitazama, akanusa, na kuniambia kwa upole kwamba jenereta ilitengenezwa jana.

Nikamwambia mimi ni dada ya mpishi. Akasema mpishi amekuja na gari lake na watu wake. Nilielewa kwamba anamwongelea Njeri na yule jamaa wa viti, ambaye kumbe alikuwa amebaki kusaidia kubeba. Mlinzi alikataa kabisa nisiingie, akisema kuna watu wengi leo wanaojidai ni ndugu za mpishi kwa sababu ya harufu ya kuku. Nilikaa nje ya lango, nikisikia nyimbo za ibada na sauti za sahani, nikijaribu kusikia kama watu wanafurahi au wanalalamika. Sahani hazisemi.

Mwishowe Njeri alikuja mwenyewe, akiwa na aprini, kitambaa kichwani, na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Chakula kilifika kikiwa vuguvugu, akakipasha kwenye vile vyombo, na mwenye nyumba ameshamwomba aje tena. Aliniambia hayo kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akanipeleka nyuma ya jikoni, na pale juu ya meza kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa nyingine: mukimo, paja la kuku, njahi pembeni.

Nilikaribia kunyamaza, kama kawaida. Nikaketi, nikaifunua.

“Ni nani ameniwekea hii?”

Njeri alinishangaa. “Ni mimi.”

“Asante.”

Hakujua pa kuangalia. Alianza kuosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Kurudi Mutuini

Tulipofika, jua lilikuwa linaingia nyuma ya migomba. Mwangi alikuwa langoni, bado ana vumbi la vigae kwenye nyusi. Hakutuuliza habari za safari. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Akanusa. Akanipa, nikanusa. Tukampa Njeri. Tulisimama pale watu watatu tukinusa kijiti cha oili kwa zamu, na jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe alipunguza mwendo kututazama. Nadhani hiyo habari ya moto ilianzia hapo.

Mwangi akasema kuanzia sasa atakayeongeza oili aseme. Nikasema sawa. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba buti zinamtosha vizuri.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla yao ili nichemshe uji. Jana yake unga ulikuwa umebaki chini kabisa. Nilipofungua mkebe ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Nikawaita kutoka jikoni, nikauliza ni nani ameweka unga. Mwangi akajibu kutoka chumbani kwake kwamba si yeye. Njeri akajibu kutoka kwake kwamba si yeye pia, na nikamsikia akijizuia kucheka.

Niliinamia mkebe, nikaunusa. Ulinuka unga.